Siku Mbu Alipotolewa Damu

Mjomba wangu wanamwita Mbu. Jina lilianzia wodi ya watoto, pale mtoto mmoja aliyekuwa akitolewa damu alipomwuliza kwa hasira kama yeye ni mbu, naye akajibu, "Ndiyo, ila mimi huomba ruhusa." Tangu hapo likamganda. Manesi wanamwita Mbu, wafagizi wanamwita Mbu, na hata mkuu wa maabara, mtu ambaye kucheka kwake ni kwa msimu, humwita hivyo akiwa na haraka.

Kazi yake ni kutoa watu damu ya vipimo, na ameifanya tangu mimi nikiwa msichana wa shule. Chumba chake kipo mwisho wa korido ya wagonjwa wa nje. Kina dirisha moja la kioo cha ukungu, kiti chenye ubao mpana wa kulaza mkono, na meza ya bati ambayo juu yake vichupa vimesimama kwa mpangilio wa rangi za vifuniko: buluu, nyekundu, kijani, zambarau. Kila rangi na kazi yake, na ukizichanganya unaharibu majibu ya mtu.

Ana mtindo wake. Humfunga mtu mpira juu ya kiwiko, huupapasa mshipa huku akitazama pembeni kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha huuliza, "Jana jioni ulikula nini?" Mtu huinua macho darini kutafuta jibu, na kabla hajalipata sindano imeshaingia. Nilipomwuliza siri yake aliniambia mtu anayekumbuka huwa yuko mbali na mkono wake.

Lakini fahari yake haikuwa kile kiti. Fahari yake ilikuwa wodini. Kila asubuhi alikuwa akisukuma kitoroli chake kitanda hadi kitanda, kwa wazee ambao mishipa yao imekuwa kama uzi uliolowa, kwa waliotobolewa na kila mtu mpaka mikono ikageuka rangi. Wenzake wakishindwa walikuwa wanasema, "Mwacheni, atakuja Mbu." Naye alikuwa anaipenda sana sentensi hiyo.

Kosa lilitokea huko huko wodini.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mzee aliyekuwa fundi bomba, amelazwa kwa homa isiyoeleweka. Mjomba alimtoa damu asubuhi, akambandika pamba na plasta mkononi, akaenda kunywa chai. Alipotoka kwenye chai akarudi kwenye kitanda kile kile. Akaiona pamba, akadhani ni ya nesi wa zamu ya usiku, akahamia mkono wa pili, akauliza jana jioni mzee alikula nini, akamchoma tena. Baadaye mzee wa watu alieleza kwamba aliona ajabu kuulizwa swali moja mara mbili, ila alidhani ndivyo madaktari wa siku hizi wanavyohakiki.

Maabara ikapokea seti mbili za vichupa vya mtu mmoja, zote kwa mwandiko wa mjomba.

"Mbu," mkuu wa maabara akamwambia, "leo umekunywa kikombe cha pili."

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, akasema fundi bomba alikuwa mtamu. Kisha akavishika vile vichupa, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akavitazama, na kicheko chake kikaisha kabla ya cha wenzake. Mtu mwingine angesema amepitiwa. Yeye alisema, "Sikumbuki kabisa kuwa nilifika pale mara ya kwanza."

Mkuu wa maabara ni mtu wa kanuni lakini si mtu mbaya. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia sindano apumzike nayo kwanza mpaka ijulikane kuna nini. Akampeleka dirisha la mapokezi, kubandika lebo na kupokea vichupa vya wenzake.

Jioni ile mkaza mjomba alinipigia simu. "Njoo umwone mjomba wako. Amekaa anaitazama mikono yake kama amekopeshwa."

Nilimkuta ukumbini, televisheni inaongea peke yake. Nilitegemea kumkuta amevunjika moyo. Alikuwa amevunjika, ila kwa namna yake, yaani maswali yalikuwa yanamtoka kama maji kwenye bomba bovu.

"Mpwa wangu, wewe uliyesoma, niambie. Kitu ukikisahau kinakwenda wapi?"

"Mimi nilisoma mambo ya ushirika, Mjomba, si ubongo."

"Basi ushirika wa kichwa changu umefilisika. Nataka kujua nani ameiba."

Mkaza mjomba akasema kutoka jikoni, "Hakuna aliyeiba, wewe mzee, ni umri. Hata mimi juzi niliingia chumbani nikasahau nilichofuata."

"Ulikumbuka baadaye?"

"Nilikumbuka."

"Mimi sikukumbuka," akasema. "Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo ninayoitaka."

Alichokitaka kwa kweli sote tulikijua. Alitaka kurudishiwa sindano. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, na alikuwa ameshaniambia mara nyingi kwamba atatoka kazini akiwa na mpira wa kufungia mkono mfukoni, wamzike nao wakitaka. Kubandika lebo dirishani, akiwasikia wenzake wanahangaika na mishipa ambayo yeye angeipata akiwa amefumba macho, ilikuwa inamla polepole.

Tulikwenda watatu kwa daktari wa ubongo. Ni mwanamke mdogo, mwenye sauti ya chini, na chumba chake hakina kitu ukutani ila saa na kalenda, na kalenda yenyewe ilikuwa imegeuzwa ili wagonjwa wasiisome wanapoulizwa tarehe. Mjomba aliligundua hilo mara moja, akaniminya kiwiko. Akaulizwa maneno ya kukumbuka, akaambiwa ataje wanyama, akaambiwa ahesabu kurudi nyuma. Wanyama aliwataja wengi. Maneno, alipoulizwa tena baada ya mazungumzo mengine, mawili yalimtoroka.

"Yalikuwepo hapa," akasema akigusa paji la uso, "yameondoka bila kuniaga."

Daktari akatabasamu, akamweleza kwamba kusahau kuna vyanzo vingi: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, dawa fulani, usingizi mbaya, huzuni. Vyote vitapimwa. Na kipo pia kimoja kinachoogopwa, ugonjwa wa Alzeima, ambao siku hizi una kipimo cha damu.

Mjomba akanyooka kitini. "Cha damu ipi?"

"Hii hii ya mkononi."

"Daktari, usinitanie. Mimi damu ya mkononi nimeitoa maisha yangu yote. Mambo ya kichwani yanatafuta nini mkononi?"

Hapo daktari akaacha kalamu. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye shauku namna ile. Wengi huuliza tu kama watapona. Akamweleza kwamba katika ugonjwa huo kuna protini mbili zinazokwenda kombo. Moja hujikusanya nje ya seli za ubongo, kama ukoko unaoganda ndani ya birika. Nyingine ni ile inayoshikilia nguzo za ndani ya seli. Hubadilika, hujisokota, na vipande vyake huvuja. Ubongo hauna ukuta usiopitisha kitu kabisa. Chembe ndogo sana za vipande hivyo huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Zamani hakukuwa na mashine ya kuziona. Ilibidi mtu achomwe sindano ya uti wa mgongo, au alazwe kwenye mashine kubwa ya kupiga picha ambayo hospitali chache zinayo.

"Kwa hiyo," mjomba akasema taratibu, "vipande hivyo vilikuwa humo kwenye vichupa vyangu siku zote. Nimevibeba, nimevitikisa, nimevimwaga."

"Kwa waliokuwa navyo, ndiyo."

"Nami sikujua."

"Hakuna aliyejua."

Akatikisa kichwa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokaa muda wote ina chumba kingine. Mkaza mjomba akanitazama kwa jicho la kuniuliza kama mumewe ana akili timamu kufurahia jambo kama hili.

Daktari akamtahadharisha. Kipimo hakipimi kusahau. Kinapima kama dalili za ugonjwa mmoja zipo. Mtu anaweza kuwa nazo akiwa bado hajasahau kitu, na mwingine akasahau mengi kwa sababu tofauti kabisa. Figo zikiwa dhaifu majibu hupanda bila kosa la ubongo, kwa hiyo na figo zitapimwa. Wala hawampimi kila mwenye wasiwasi, ila mwenye dalili kama yeye.

"Na majibu yakija juu?" mkaza mjomba akauliza.

"Tutazungumza tukiyaona, mama."

Damu ilitolewa chumbani kwake mwenyewe, kwenye kiti chake, na mwenzake wa kazi, mwanamke mwenye alama nyeusi shavuni wanayemwita Kidoti. Sijawahi kuona mgonjwa msumbufu kama mjomba wangu. Alimwambia Kidoti mpira ameufunga chini mno. Alimwambia mshipa wa kati ni mzuri ila una tabia ya kuteleza. Alitaka kuhakikisha kichupa ni cha kifuniko cha zambarau na si kingine.

"Mzee Mbu, ukae kimya au nikutoe kwenye kidole gumba cha mguu," Kidoti akasema.

"Huko hujui njia."

Kidoti akapapasa mshipa, akatazama pembeni, na bila kufikiri, kwa mazoea tu ya kumwiga mwalimu wake, akauliza, "Jana jioni ulikula nini?"

Kidoti mwenyewe akashtushwa na alichokisema. Mjomba alikuwa ameinua macho darini. Niliona midomo yake ikijaribu kuanza neno, ikaacha, ikaanza lingine. Mkaza mjomba, aliyekipika chakula chenyewe, alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akatazama sakafu.

Mjomba bado alikuwa anatafuta. Kisha akashusha macho, akaona kichupa kimejaa.

"Umeshamaliza?"

"Zamani," Kidoti akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, Mzee."

"Sikuhisi kitu," akasema, na akatabasamu kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, maana ilikuwa ya kujivunia na ya kuumia kwa pamoja. "Basi kumbe kweli inafanya kazi. Siku zote nilikuwa nawaamini watu tu."

Hakukubali kuondoka. Alikifuata kichupa kile mpaka ndani ya maabara kama mzazi anayempeleka mtoto siku ya kwanza ya shule. Kidoti akakipindua taratibu bila kukitikisa, akakitia kwenye mashine ya kuzungushia mapema, maana damu ya kipimo hicho ikiachwa mezani muda mrefu majibu yake huharibika. Mashine ikavuma, ikatulia. Damu ilitoka imegawanyika: nyekundu chini, na juu maji ya manjano. Maji hayo ndiyo yanayotakiwa. Yakafyonzwa, yakatiwa kwenye kichupa kidogo cha plastiki, yakawekwa kwenye friza yakisubiri sanduku la barafu kavu la kuyapeleka kwenye maabara yenye mashine inayohesabu vitu vidogo kiasi hicho.

Kabla hayajaingia kwenye friza mjomba aliomba ayashike. Akayainua kwenye mwanga wa dirisha.

"Humu," akaniambia, "kuna kilichoandikwa kuhusu mimi, nami sina macho ya kukisoma."

Siku za kusubiri mkaza mjomba aligeuka kuwa mpelelezi. Alikuwa anahamisha kopo la sukari aone kama mumewe atakumbuka lilipokuwa. Alimwuliza siku za kuzaliwa za wajukuu katikati ya taarifa ya habari. Mjomba akamwambia, "Mke wangu, acha kunitega kama panya. Ukitaka kujua niulize, nami nitakudanganya kwa heshima." Lakini na yeye alikuwa anajipeleleza. Alikuwa ananipigia simu mchana. "Mpwa, leo nimepoteza jina la kile cha kufungulia makopo. Kitu nakiona, kazi yake naijua, mkono unajua kukishika. Jina tu halipo. Unaona? Kumbe jina na kitu havikai chumba kimoja."

Mimi, ambaye usiku nilikuwa nalala nikimwona tayari ameshatusahau, nilijilazimisha kutania. Nilimwambia, "Labda jina limekwenda likizo."

"Likirudi nitaliuliza lilikuwa na nani," akasema.

Majibu yalipokuja, daktari alituketisha kwanza. Tezi ilikuwa sawa, vitamini sawa, figo sawa. Kuhusu kile kipimo kipya alisema majibu hugawanyika mafungu matatu. Walio chini, ugonjwa huo hauelekei kuwepo. Walio juu, unaelekea kuwepo. Na lipo fungu la katikati.

"Jibu lako limeangukia katikati."

"Katikati maana yake nini?" akauliza mkaza mjomba, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kilio au kwa shukrani.

"Maana yake damu bado haijasema. Tunaweza kupima maji ya uti wa mgongo, au tungoje turudie damu baada ya muda, tukiangalia na hali yake."

Nilimtazama mjomba nikitegemea hasira. Alikuwa ameinamia mbele. "Kwa hiyo hata mashine inayohesabu vitu vidogo kiasi hicho, kuna mahali inafika inasema sijui?"

"Inafika."

"Na inakiri?"

"Inabidi ikiri."

"Basi ni mashine ya adabu," akasema. Uti wa mgongo akaukataa kwa sasa. Alisema atarudia damu, maana anataka kuona ile ya katikati inaelekea upande gani.

Kesho yake akaenda kwa mkuu wa maabara, na alinisimulia mwenyewe. Mkuu alisikiliza, akavua miwani, akasema kwamba yeye alikuwa anangoja neno kutoka kwa daktari, na daktari hakuleta neno la kumzuia. "Sina sababu ya kukunyima sindano, Mbu. Chukua kitoroli chako, rudi wodini Jumatatu."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyaota. Alirudi nyumbani nayo, mkaza mjomba akapiga kigelegele kidogo cha ndani ya nyumba, na mimi nikaambiwa nije kula. Lakini mezani mjomba alikuwa akigeuza kijiko bila kula.

"Kinachonisumbua," akasema, "ni kwamba nilitegemea damu iniamulie. Ikiwa juu, naacha. Ikiwa chini, naendelea. Sasa imenirudishia swali langu."

"Bosi wako ameshajibu," mkaza mjomba akasema.

"Bosi hakumchoma fundi bomba mara mbili."

Halafu akanikumbusha swali ambalo daktari alimwuliza wakati tunaaga, ambalo mimi sikulitilia maanani: kosa kama lile limewahi kutokea kwenye kiti? Alikuwa amelitafuna tangu siku ile. Halijawahi. Na sasa ameona kwa nini. Kwenye kiti, mgonjwa ndiye anayekuja na ndiye anayeondoka. Akishatoka, kiti kiko wazi, na kiti kilicho wazi hakiwezi kumdanganya mtu. Wodini mgonjwa amelala pale pale asubuhi mpaka jioni, na anayekwenda na kurudi ni Mbu. Ikiwa kichwa chake hakitunzi safari zake vizuri, basi wodini ndiko kutakakowaumiza watu.

"Kwa hiyo?" nikamwuliza, ingawa nilishaelewa.

"Kwa hiyo kitoroli nakirudisha. Nitabaki na kiti. Tena Kidoti ndiye atakayeuliza majina na kubandika lebo, mimi kazi yangu mshipa tu. Na siku nitakayokosea kwenye kiti, hata kama damu bado inasema katikati, wasiniulize tena."

Mkaza mjomba akataka kubisha. Alijua wodi ilikuwa nini kwake. Akamwongezea chakula tu, na safari hii mjomba akala.

Mkuu wa maabara alikubali, akaongeza la kwake, kwamba watakaa kila mwezi waangalie.

Wiki chache baadaye nilipita hospitali kumpelekea mjomba miwani aliyoisahau kwangu. Nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba chake akibishana na nesi wa wodi. Kulikuwa na bibi kizee kitandani huko, wamemtoboa wamechoka, damu haitoki, daktari anataka vipimo mchana huo huo.

"Mzee Mbu, ni hapo tu. Hatua chache. Dakika moja."

Niliona vidole vyake vikijikunja na kujikunjua. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya kizingiti. Angekwenda, hakuna ambaye angemlaumu. Mkuu alikuwa mkutanoni, na nesi mwenyewe alikuwa anamsihi.

"Mleteni hapa," akasema.

"Bibi hawezi kutembea!"

"Magurudumu yamejaa wodi nzima. Mleteni."

Nesi akaondoka amenuna, akamtupia na maneno ya kwamba Mbu siku hizi amekuwa mfalme, damu ndiyo inayomfuata. Wakamleta bibi kwenye kiti cha magurudumu, mdogo, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Kidoti akamwuliza jina, akabandika lebo. Mjomba akachuchumaa mbele yake, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaupasha joto, akaupapasa kwa muda mrefu akitazama pembeni. Akaupata mshipa mahali ambapo hakuna aliyepatafuta, ubavuni mwa kifundo cha mkono. Damu ikaingia kichupani.

"Imekwisha, mama yangu," akamwambia.

"Tayari?" bibi akashangaa. "Wewe ni fundi. Njoo na kesho."

"Kesho utakuja wewe," mjomba akasema.

Akasimama kando ya kiti kilichokuwa wazi, akamtazama bibi akisukumwa kwenye korido, akimpungia mkono, mpaka magurudumu yakakata kona. Hapo ndipo alipovua glavu, akamwita anayefuata.